Kuchagua tochi ndogo ya mfukoni ya kubeba kila siku: tuanze na mwanga mdogo

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam. Swali la tochi ya mfukoni hurudi mara kwa mara, na karibu kila mara majibu huanzia kwenye idadi ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Ningependa tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu tochi ya kubeba kila siku ina kazi yake, ambayo si ya tochi ya mlinzi wala ya mwindaji, na anayeinunua kwa vigezo vya hao wengine mwishowe huiacha kwenye droo, ambako haimsaidii mtu.

Msimamo wangu ni huu: tochi ya mfukoni ichaguliwe kwanza kwa mwanga wake mdogo kabisa, halafu kwa betri yake, halafu kwa swichi yake, na mwanga mkubwa uje baada ya hayo yote.

Fikirieni mahali ambapo tochi hii hutumika. Ni kwenye tundu la ufunguo, nyuma ya kabati penye soketi, chini ya kiti cha gari ilikodondokea parafujo, kwenye maandishi madogo ya chupa ya dawa, kitandani kwa mtoto aliyeamka na homa, na kwenye ngazi umeme unapokatika. Karibu kazi zote hizo ziko ndani ya urefu wa mkono au hatua mbili tatu. Katika umbali huo lumeni 300 ni kero: karatasi nyeupe huurudisha mwanga wote machoni, maandishi hayasomeki vizuri, na ukishazima huoni hata mlango ulipo. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani kufikia uwezo wake kamili wa kuona usiku, kwa kuwa rodopsini iliyomo kwenye seli za fito za retina hujijenga polepole, ilhali mwanga mkali huivunja papo hapo. Kwa hiyo tochi yenye ngazi ya chini ya lumeni 1, au hata nusu yake, inakupa kitu ambacho tochi yenye nguvu nyingi haiwezi kukupa, yaani kuona unachokitafuta bila kupoteza uwezo wa kuona kilichokuzunguka, na bila kumwamsha aliyelala kando yako.

Zamani jambo hili halikuwezekana. Hati ya ubunifu ya David Misell ya mwaka 1899 ilihusu bomba lenye betri kavu na balbu ya waya, na mpangilio huo ulidumu hadi kwenye Mini Maglite ya betri za AA iliyotoka mwaka 1984. Balbu ya waya ukiipunguzia umeme hugeuka rangi ya chungwa, na ufanisi wake huporomoka. LED ni kinyume chake: ukiipunguzia umeme, kila wati inayobaki hutoa mwanga mwingi zaidi. Ndiyo maana, baada ya mhandisi Shuji Nakamura kuonyesha LED angavu ya buluu mwaka 1993 akiwa katika kampuni ya Nichia ya Japani, na LED nyeupe kufuata, tochi ya betri moja ya AA imeweza kutoa lumeni 1 kwa siku kadhaa mfululizo. Atakayenunua tochi ya leo isiyo na ngazi hiyo ya chini atakuwa ameacha faida kubwa ambayo teknolojia hii imetuletea.

Sasa namba za kwenye boksi. Tangu mwaka 2009 kuna kipimo cha pamoja cha watengenezaji kinachoitwa ANSI FL 1, na tochi inayokifuata huonyesha alama zake. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kandela ni ukali wa mwanga pale kwenye kitovu chake. Umbali wa kumulika ni pale ambapo mwanga umefifia hadi lukisi 0.25, yaani karibu na ule wa mwezi mpevu, na huwezi kusoma wala kumtambua mtu kwa raha katika umbali huo. Hesabu yake ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 2,500 ni mita 100, na kandela 10,000 ni mita 200, kwa hiyo ili umbali uongezeke mara mbili ni lazima ukali uongezeke mara nne.

Namba inayopotosha zaidi ni ya muda wa kuwaka, na si kwamba ni ya uongo. Lumeni hupimwa baada ya tochi kuwaka kwa sekunde 30 hivi, na muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya kile kipimo cha mwanzo. Tuseme boksi limeandikwa lumeni 500 na saa 5. Inawezekana kabisa kwamba tochi hiyo hukaa kwenye 500 kwa dakika moja au mbili, joto linaipunguza hadi 150, na saa zilizobaki inajikongoja hadi kufikia 50. Kipimo hakijavunjwa, ila mnunuzi amebaki akiamini kwamba atapata lumeni 500 kwa saa 5. Tafuteni mchoro wa mwanga dhidi ya muda uliotolewa na mtu aliyeipima mwenyewe. Mstari unaokaa tambarare kwa muda mrefu ni dalili ya saketi nzuri, na mstari unaoteleza tangu dakika ya kwanza maana yake tochi inafifia kadiri betri inavyofifia.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani sana, mkuu, kwa uzi huu. Umeeleweka kuhusu mwanga mdogo. Naomba sasa utufafanulie suala la betri, maana wengine wanasema tuchukue zenye tundu la USB tu na tusisumbuke, na wengine wanasisitiza betri za kutoa.

Mwanzisha uzi

Hapa ndipo penye uamuzi mzito, ndugu yangu, kwa sababu betri ndiyo inayoamua unene, uzito na umri wa tochi.

Tuanze na nishati yenyewe. Betri ya AAA ya kuchaji ina takriban wati-saa 1. Ya AA ya kuchaji, yenye volti 1.2 na miliampia-saa 2,000 hivi, ina wati-saa 2.4. Betri ya lithiamu ya 14500, ambayo umbo lake ni kama la AA, ina wati-saa kama 3.6. Ile ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hufika wati-saa 12. Kwa karatasi 18650 imeshinda kwa mbali. Mfukoni mambo hubadilika: betri hiyo peke yake ina gramu zaidi ya 45, na ukiongeza bomba la kuibeba unapata kitu kinachovuta suruali upande mmoja na kukuchoma pajani kila unapokaa. Tochi ya AAA hukaa mfukoni kama kalamu fupi na unaisahau mpaka utakapoihitaji. Kwa mtu wa kawaida mimi napendekeza AA moja, na kwa anayevaa nguo nyepesi au anayetaka ikae na funguo, AAA moja.

Kuhusu betri iliyofungiwa ndani na tundu la USB: ni raha mwaka wa kwanza na wa pili. Lakini betri za lithiamu huzeeka hata zisipotumika, na betri isiyotoka ikichoka tochi nzima imekwisha. Zaidi ya hapo, ikikuishia ukiwa mbali na umeme huna la kufanya, wakati mwenye AA anaweza kuazima betri kwenye saa ya ukutani. Njia ya kati ni tochi inayochajiwa kwa USB lakini yenye betri ya kutoa, na hiyo naikubali, mradi betri iwe ya umbo la kawaida na si ile ambayo mtengenezaji ameiwekea ncha zote mbili upande mmoja ili ununue kwake tu.

Kuna tochi zinazopokea AA na 14500 pia. Ni nzuri, ila someni maelezo kabla ya kuingiza chochote. 14500 iliyojaa ina volti 4.2, na ukiiweka kwenye tochi iliyoundwa kwa volti 1.5 unaweza kuunguza saketi mara moja, kwa kuwa umbo hukubali hata pale umeme usipokubali. Vilevile jihadharini na namba za kupaka: 18650 za kweli tulizozizoea huwa kwenye miliampia-saa 3,500 hivi, kwa hiyo ukiona imeandikwa 9,900 ujue si betri ya kuiweka mfukoni, maana aliyedanganya kwenye namba hana sababu ya kusema kweli kuhusu usalama.

Betri za alkalini ziachwe kwa dharura. Zikikaa muda mrefu huvuja hidroksidi ya potasiamu, ambayo hula springi na kugandisha betri ndani ya bomba. Tochi ya kila siku iwe na betri za kuchaji za nikeli zile zinazotunza chaji, aina iliyoanza na Eneloop ya Sanyo mwaka 2005. Tochi ya akiba inayokaa kwenye begi kwa miaka iwe na lithiamu ya AA isiyochajiwa, ya volti 1.5, ambayo hustahimili baridi, ni nyepesi, na haina tabia ya kuvuja kama alkalini.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuuliza kuhusu swichi. Tochi yangu ilijiwasha mfukoni hadi kitambaa kikapata moto. Je, hiyo ni hitilafu au ndivyo zilivyo?

Mwanzisha uzi

Pole sana, ndugu. Ni hatari ya kweli na inastahili kuzungumzwa waziwazi. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, na mwanga mkali uliogandamizwa kwenye kitambaa cheusi hupasha kile kitambaa pia. Tochi ndogo yenye nguvu kubwa ikijiwasha mfukoni inaweza kuunguza nguo na hata ngozi.

Swichi ziko za aina tatu hasa. Ya kwanza ni ya kubonyeza kitakoni, inayokata umeme kabisa: ni imara, unaiona kwa kidole gizani, na haili betri ikizimwa. Ya pili ni ya kielektroniki ubavuni, ambayo ni laini na inakuruhusu kwenda moja kwa moja kwenye mwanga mdogo kwa kushikilia kidole, lakini ndiyo inayojiwasha zaidi, na hula umeme kidogo muda wote kwa kuwa saketi lazima ikae macho ikisubiri kidole. Ya tatu ni ya kuzungusha kichwa. Hiyo haijiwashi kwa urahisi na haina kitufe cha kuharibika, ila mara nyingi huhitaji mikono miwili.

Ikiwa yako ni ya ubavuni, fanya hivi: ishike kitakoni, legeza kifuniko robo mzunguko, kisha bonyeza swichi. Ikikataa kuwaka, umepata kufuli. Inawezekana kwa sababu alumini nzuri hufunikwa kwa tabaka gumu la oksidi ambalo halipitishi umeme, na tabaka hilo likiwa hadi kwenye hesi, umeme hupita tu pale kifuniko kinapokazwa hadi ukingo wake mtupu ukagusa mwisho wa bomba. Ikiwaka hata baada ya kulegezwa, basi hesi zake hazina tabaka hilo, nawe utategemea kufuli ya kielektroniki kama ipo. Tochi ya swichi ya ubavuni isiyo na kufuli yoyote nisingemshauri mtu aiweke mfukoni.

Angalia pia kama swichi imezama kidogo chini ya usawa wa bomba, na kama klipu inaishikilia tochi kwenye ukingo wa mfuko ikiwa wima. Klipu nzuri huzuia mengi, kwa kuwa tochi iliyosimama mahali pamoja haigongani na funguo wala kujibonyeza unapoinama.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni fundi umeme. Nakubaliana na yote, ila naona rangi ya mwanga haijaguswa. Kuna tochi chini yake siwezi kutofautisha waya wa kahawia na mwekundu.

Mwanzisha uzi

Ahsante, fundi, umeleta jambo ambalo watu wengi hulipuuza na lina uzito sawa na betri.

Mambo ni mawili na yasichanganywe. Kuna joto la rangi, linalohesabiwa kwa kelvini: 2,700 ni mwanga wa manjano wa balbu ya zamani, 4,000 hadi 5,000 ni mweupe wa kati, na 6,500 kwenda juu ni mweupe unaoelekea buluu. Halafu kuna uaminifu wa rangi, ambao maboksi huuandika kwa herufi CRI na ambao ukomo wake ni 100. LED nyingi za tochi huwa karibu na 70, na zile zilizoundwa kwa makini, kama baadhi ya zile za familia ya Nichia 219, huvuka 90. Mwanga wa CRI ya chini hupungukiwa hasa na wekundu, na ndiyo maana kahawia na nyekundu huungana, damu huonekana kama matope, na kipele kwenye ngozi hupotea.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Mulika kiganja chako kwa karibu. Chini ya LED duni ngozi huwa na rangi ya majivu, na mistari ya kiganja huonekana kama imechorwa kwa penseli. Chini ya LED nzuri utaona wekundu wa damu kwenye ncha za vidole na umanjano wa sehemu ngumu, na mishipa ya kifundo itajitenga kwa rangi yake. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, tochi za kibuluu zitakuchosha. Gharama yake ni kwamba LED yenye CRI ya juu hutoa lumeni pungufu kwa umeme uleule, lakini jicho halihesabu lumeni moja moja: mwanga ukipungua kwa sehemu ya tano au ya nne ni vigumu kutambua usipoweka tochi mbili sambamba, ilhali waya wa kahawia uliouona kuwa mwekundu unaweza kukuletea madhara.

Nikiongeza hapo hapo, punga kalamu kwa kasi chini ya tochi ikiwa kwenye ngazi ya chini. Ukiiona imegawanyika vipande vingi kama picha zilizopangwa, tochi hiyo hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima upesi upesi, jambo ambalo huchosha macho ya baadhi ya watu na ni baya karibu na mashine inayozunguka.

Kwa umbo la mwanga, chagueni mpana. Lenzi ya plastiki yenye vijitundu au kiakisi chenye mikwaruzo ya ganda la chungwa hulainisha kitovu na kuutawanya mwanga. Kiakisi laini kama kioo huupeleka mbali, kazi ambayo mfukoni haihitajiki sana.

Mchangiaji wa nne

Na je, maji? Na kwa nini nisitumie simu tu, ambayo tayari ninayo?

Mwanzisha uzi

Maji hayana maneno mengi; angalieni alama ya IPX, inayoonyesha jinsi tochi inavyostahimili maji. IPX4 hustahimili matone, IPX7 huzama mita 1 kwa dakika 30, na IPX8 huzidi hapo kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Chukueni IPX7 au zaidi, na mpira wa duara ulioko kwenye hesi upakwe mafuta ya silikoni mara moja moja, kwa sababu mpira uliokauka hukatika na kipimo cha boksi hakina maana tena.

Kuhusu simu, ninakuelewa, na kwa kutafuta kiatu chini ya kitanda inatosha. Lakini mwanga wake hauna kitovu, huna njia ya kuushika kwa meno au kuusimamisha juu ya meza ukielekea dari, na unapoinama juu ya shimo la choo au injini, unaning'iniza kifaa chenye mawasiliano yako yote. Usiku wa dharura ndipo chaji ya simu inapohitajika kwa kupiga simu. Tochi ya gramu 40 inaiachia simu kazi yake.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na husafiri kwa ndege mara kwa mara. Kwa hayo uliyoyaeleza, ungenishauri nini?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, kwa safari, betri za lithiamu za akiba hazikubaliki kwenye mzigo unaopakiwa chini. Zibebe mkononi, kila moja ndani ya kikasha chake ili ncha zisigusane na chuma. AA za nikeli zina masharti mepesi zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipendelea, ingawa nazo ncha zake zilindwe.

Kwa wodini, ningekushauri tochi ya AAA moja yenye umbo la kalamu na klipu, ngazi mbili au tatu tu, rangi kati ya kelvini 4,000 na 5,000, na CRI ya 90 kwenda juu ili rangi ya midomo, kucha na vidonda isikudanganye. Usichukue yenye mwako wa kupepesa kwenye mzunguko wa kawaida wa swichi, kwa sababu utajikuta unampepesea mgonjwa usoni ukitafuta ngazi nyingine. Bomba liwe laini, lisilo na mikato ya kina, ili lifutike kwa dawa bila kubakiza uchafu.

La muhimu kuliko yote kwa kazi yako ni ngazi inayowaka kwanza. Unapomulika mboni za mgonjwa unahitaji mwanga hafifu na wa uhakika, na tochi inayoanza na lumeni 200 kabla ya kushuka itamwumiza yeye na kuwaamsha wa vitanda vya jirani. Kabla ya kulipa, izime, isubiri dakika moja, iwashe tena ukiwa umeielekeza ukutani, na urudie hivyo mara kadhaa. Kama hata mara moja itaanza na mwanga mkubwa, irudishe na uombe nyingine.